Kangaga halitaki kuzikwa

Nilikuwa na kipembe chini ya mti mkubwa, mahali pasipoona jua siku nzima. Nyasi zilinyauka, maua yakarefuka bila kuchanua. Nikageukia makangaga, mimea ya majani inayopenda kivuli, na yale ya kwanza niliyaua kwa mikono yangu mwenyewe.

Kosa lilikuwa kina. Aina nyingi za kangaga la bustanini hutoa majani yote kwenye kitovu kimoja, na mimi nilikifukia udongo nikidhani naushikilia mmea usianguke. Kikaoza. Siku hizi nachimba shimo pana lisilo refu, kwa kuwa mizizi yake haiendi chini sana, na kitovu nakiacha usawa wa ardhi au juu kidogo.

La pili ni maji. Kivuli cha ukuta na kivuli cha mti si kitu kimoja: mizizi ya mti hunywa kila tone kabla kangaga halijaonja. Kwa hiyo chini ya mti nimepanda aina ya kangaga iitwayo Dryopteris filix-mas, ambalo likishashika huvumilia ukavu kuliko mengine mengi. Aina nyingine, Adiantum, lenye vijani laini na vikonyo vyeusi, nimeliweka pasipokauka kamwe, maana likikosa maji siku chache tu hujikunja lote. Mwaka wa kwanza yote nayamwagilia kwa kina, si kuyanyunyizia juujuu. Nikichimba nachanganya mboji, kisha natandaza majani makavu yaliyoanza kuoza, nikiyasogeza mbali na kitovu. Mbolea kali ya dukani siweki, huunguza mizizi.

Halafu kuna vidoa vya kahawia chini ya majani. Nilivikuta asubuhi moja, nikadhani wadudu, nikakata nusu ya mmea na iliyobaki nikaipaka maji ya sabuni. Kumbe ni vifuko vya spora, yaani chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo badala ya mbegu, kwani halitoi maua. Geuza jani utazame: vidoa vikiwa vimejipanga kwa mpangilio uleule jani zima, viache. Vikiwa vimetapakaa ovyo na jani linanata, hapo ndipo utafute wadudu.

Majani yaliyozeeka siyakati mapema, hukinga kitovu. Nasubiri mapya yachomoze yakiwa yamejiviringa kama mkia wa kinyonga, ndipo nakata ya zamani, kwa mkasi mdogo, taratibu. Hayo machanga huvunjika ukiyagusa tu, na likivunjika halikunjuki tena.