Mafaili ya .wk1 kugoma kufunguka kwenye Excel

Ndugu mweka hazina, umesema mahesabu ya chama chenu ya miaka ya 90 yako kwenye mafaili ambayo majina yake yanaishia na .wk1, na Excel inayakataa. Usiyafute, pole sana, hayajaharibika. Hayo ni mafaili ya Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu iliyotoka mwaka 1983, na Excel iliacha kuyasoma tangu toleo la 2007.

Kwanza nakili kila kitu kutoka kwenye disketi kwenda kwenye kompyuta, na ufanyie kazi nakala tu. Disketi huchakaa hata zikiwa kabatini.

Kisha pakua LibreOffice, programu za ofisi za bure. Fungua faili kwa Calc, sehemu yake ya majedwali ya hesabu, halafu lihifadhi upya kama .ods au .xlsx. Watu wengi hukimbilia CSV, yaani faili la maandishi matupu. Mimi nakusihi usifanye hivyo, maana CSV hubakiza namba na maneno tu, fomula zote zinapotea.

Sasa kaa chini ukague, hapa usiwe na haraka. Bofya seli ya jumla: juu kwenye mstari wa fomula unapaswa kuona kitu kama =SUM(B4:B30), si namba kavu. Linganisha jumla hizo na daftari au karatasi zilizochapwa wakati ule. Angalia na tarehe, kwani zinaweza kuonekana kama namba tupu kama 34500. Badilisha muundo wa seli uwe tarehe. Makro za Lotus, yaani amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe, hazitafanya kazi, hizo mtaziandika upya.

Faili likidai nenosiri, uliza waliokuwa viongozi kipindi hicho.