Mawe matatu, mti mmoja

Nilipoanza kukusanya visukuku vya mimea, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, niliweka mawe matatu kwenye visanduku vitatu. La kwanza lilikuwa na makovu yenye umbo la uru wa karata, nikaandika Lepidodendron. La pili lilikuwa na vishimo vya mviringo: Stigmaria. La tatu lilikuwa koni, yaani kiungo cha uzazi cha mti: Lepidostrobus. Nikajihesabia mimea mitatu. Kumbe ni gome, mzizi na koni za kundi moja la miti! Majina yote yalikuwa sahihi. Hesabu ndiyo mbovu.

Kwa hiyo, ukishika kisukuku cha vipindi vya Kaboniferasi au Permi, yaani miaka milioni 359 hadi 252 iliyopita, jiulize kwanza ni sehemu gani ya mmea. Miti ile ilivunjika na kutawanyika kabla ya kufukiwa, na wataalamu wakakipa kila kipande jina lake. Gome la Lepidodendron likibanduka, uru hupotea, na shina lilelile huitwa Knorria. Calamites, mmea mwingine wa enzi hizo, utaitambua kwa pingili zake kama za mianzi, ila mara nyingi unachokiona ni tope lililojaa uwazi wa ndani ya shina. Majani yake huitwa Annularia.

Wengi hupotea kwenye majani yanayofanana na ya kangaga, nami nilipotea humo muda mrefu. Umbo la jumla hudanganya. Chukua lenzi, tazama jani dogo limeungana vipi na kikonyo. Limeshika kwa nukta moja, kitako kimebanwa: Neuropteris. Limeshika kwa upana wote, pande zikienda sambamba: Pecopteris. Kitako kimeteremka kando ya kikonyo kulifuata jirani: Alethopteris. Weka taa ubavuni mwa jiwe, mwanga upite kimshazari, na mishipa iliyofichika itajitokeza.

Lakini usikimbilie kusema ni kangaga. Mwaka 1903 wataalamu wa visukuku vya mimea, Oliver na Scott, walionyesha kwamba mmea tunaouita Lyginopteris, wenye majani ya namna hiyo, ulizaa mbegu, na kangaga haizai mbegu. Kilichowathibitishia ni vitezi vya aina moja, kwenye mmea na kwenye kikombe kilichoizunguka mbegu. Mimi nautaka ushahidi wa namna hiyo kabla ya kusema vipande viwili ni vya mmea mmoja. Vipande kulala kwenye jiwe moja hakutoshi.

Siku hizi, kwenye kikaratasi cha kila jiwe naandika sehemu ya mmea, kitako, mishipa na tabaka nililolitoa. Jina naliandika mwisho, kwa penseli.