Kabla hujagusa skrubu ya kisu chako cha kukunja

Kisu cha mfukoni kikianza kuwa kizito kufunguka, au ubapa ukianza kutikisika ukiwa wazi, mkono wa anayeanza hukimbilia bisibisi. Wangu ulikuwa hivyo hivyo. Nimeona visu vizuri vikiharibika mikononi mwa watu makini kabisa, na karibu kila mara kosa lilikuwa moja: walizungusha skrubu kabla ya kujua ni kitu gani hasa kinachoubana ule ubapa.

Maana si skrubu peke yake inayoubana. Ubapa umekaa katikati ya pande mbili za mpini, na kila upande una washa, yaani kiduara bapa chenye tundu katikati, nyembamba, ya shaba au ya plastiki laini ya tefloni, au beringi ndogo zenye gololi. Skrubu ya mhimili hupita katikati ya vyote hivyo na kuvikaza pamoja. Halafu kuna loki. Kwenye visu vingi vya siku hizi, bamba la chuma lililo ndani ya mpini husogea nyuma ya ubapa ukifunguka na kuuzuia usirudi. Namna hiyo ilianzishwa na Mmarekani Michael Walker miaka ya 1980. Bamba hilo lina kigololi kidogo mno ambacho hudumbukia kwenye kitundu cha ubapa kisu kikiwa kimefungwa, ili kisifunguke mfukoni. Kwa hiyo ule ugumu unaoukuta mwanzo kabisa wa kufungua, unaoachia ghafla, ni wa kigololi. Ukilegeza skrubu kwa ajili ya ugumu huo hutaupunguza, ila utapata kisu kigumu kuanza na kilicholegea mwisho.

Na cha tatu ni uchafu. Vumbi la mfukoni, nyuzi za nguo, mchanga, mafuta ya zamani yaliyoganda. Mimi siku hizi sigusi skrubu ya kisu chochote kabla sijakisafisha. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, mswaki mkuukuu, kisha kukausha vizuri hadi ndani. Baada ya hapo tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa mhimili, na kufungua na kufunga mara ishirini au thelathini. Tone moja linatosha kweli. Mafuta mengi hugeuka gundi ya vumbi. Kisu kinachokata chakula kipewe mafuta yasiyo na madhara yakiliwa. Mara nyingi kazi huishia hapo, bisibisi haijatoka hata kwenye kasha.

Kikiwa safi na bado kinasumbua, tambua aina ya mtikisiko. Fungua kisu hadi loki ikamate. Shika mpini kwa nguvu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili bana ubapa kwa mgongo wake, mbali na makali, usukume kushoto na kulia. Weka ukucha wa kidole gumba pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Ukucha huona mwendo mdogo ambao jicho halioni, na kama skrubu imelegea utasikia kimlio kifupi cha chuma kugonga chuma kila unapogeuza upande. Huo ni mtikisiko wa kukaza skrubu. Sasa sukuma juu na chini, kwa mwelekeo wa kufungua na kufunga. Ubapa ukicheza hivyo, tatizo liko kwenye loki au kwenye pini inayousimamisha, na hata ukaze skrubu mpaka ubapa ugome kusogea, mtikisiko huo utarudi. Nawasihi wanaoanza wazitofautishe hizi mbili kwa vidole vyao, siku ile ile wanayopata kisu, kikiwa bado kizima.

Sasa bisibisi. Visu vingi hutumia skrubu za nyota ya ncha 6, aina ya Torx iliyobuniwa mwaka 1967. Skrubu ndogo za mpini mara nyingi ni T6, na ya mhimili mara nyingi T8 au T10. T6 ina upana wa takriban milimita 1.7, T8 takriban 2.3. Hatari iko katikati yake: T7 huingia kwenye tundu la T8 bila shida, ikawa inacheza kidogo tu, na ukiipa nguvu inakwangua zile pembe. Skrubu yangu ya kwanza kulika kichwa ililika hivyo. Ingiza bisibisi ikiwa wima, itikise. Ikicheza hata kidogo, chukua kubwa zaidi. Nunua bisibisi nzuri mapema, hata kama ni mbili tu, kwa sababu kichwa kikishalika gharama yake ni kubwa kuliko bisibisi.

Funika makali kwa tepu. Hili watu hulipuuza, na ndilo linaloleta majeraha, kwani unaposukuma bisibisi kwa nguvu mkono mwingine uko jirani na ubapa.

Kuzungusha kwenyewe ni kudogo kuliko unavyodhani. Chukulia uso wa saa: kutoka 12 hadi 1 ni hatua kubwa, nusu ya hapo ndiyo hatua ya kazi yetu. Zungusha kiasi hicho, ondoa bisibisi, fungua na kufunga mara tano sita, jaribu mtikisiko wa pembeni kwa ukucha. Rudia. Unatafuta mahali ambapo kile kimlio kinakoma. Usiendelee baada ya hapo, hata kama mkono unakuambia ongeza kidogo iwe imara zaidi. Ukizidisha, washa zinaumia, na kwenye kisu cha beringi zile gololi huweza kuchimba vishimo kwenye pande za mpini kama chuma chake ni laini; baada ya hapo kisu kitakwaruza daima. Kisu cha washa huvumilia makosa kidogo. Cha beringi hubadilika kutoka kulegea hadi kukaza kwa mzunguko usioonekana, kwa hiyo nenda nacho polepole zaidi.

Ikiwa skrubu inazunguka nzima bila kukaza, upande wa pili nao unazunguka. Utahitaji bisibisi mbili, moja kila upande, moja ikishikilia.

Angalia pia kisu kikiwa kimefungwa, uone kama ubapa umelala katikati ya mpini au umeegemea upande mmoja. Ukiegemea, legeza kidogo skrubu za mpini na ya mhimili, uelekeze ubapa katikati kwa vidole, kisha kaza kidogo kidogo kwa zamu, hii kisha ile. Ubapa kuegemea kidogo bila kugusa mpini hakuna madhara. Usikiharibu kisu kwa kutafuta usawa wa macho tu.

Kuna jambo moja nataka nilikazie. Wanaoanza wengi hupenda kisu ambacho ukiachia loki ubapa unaanguka wenyewe na kujifunga. Nami nilikipenda hivyo, nikakilegeza changu hadi kikawa kinaanguka vizuri. Kisu cha loki ya bamba hufungwa kwa kidole gumba kusukuma bamba pembeni, na kidole hicho kinakuwa kwenye njia ya makali. Jioni moja, baada ya kukata kamba nene, niliachia loki nikiwa naongea na mtu. Ubapa ukaanguka kabla sijaondoa kidole, ukakata hadi karibu na mfupa. Tangu siku hiyo kisu changu cha kazi nakikaza mpaka ubapa ubaki pale ulipoachwa, usogee kwa kusukumwa. Anayekitumia kwa kazi na asiwe na haya ya kisu kizito kidogo.

Skrubu ikilegea kila wiki, tumia gundi ya skrubu ya nguvu ya kati, ile ya bluu. Safisha meno ya skrubu kwa spiriti, tia kitone kidogo kama kichwa cha kiberiti, tena kwenye meno tu, mbali na washa. Ikimwagikia washa, ubapa utaganda. Weka mkazo sahihi papo hapo kabla haijashika, kisha iache saa 24. Nyekundu usiitumie: ili iachie inahitaji joto la takriban nyuzi 250. Kama kisu kilitoka kiwandani na gundi ngumu na skrubu imegoma, gusisha ncha yenye moto ya chuma cha kuchomelea solda kwenye kichwa cha skrubu kwa muda mfupi, kisha jaribu tena taratibu. Na soma dhamana kwanza, kwa sababu watengenezaji wengine huifuta ukikifungua kisu.

Visu visivyo na skrubu vina njia zake. Vya ribiti, kama Victorinox, havikazwi kwa bisibisi. Fundi hugonga kichwa cha ribiti kidogo kidogo kwa nyundo ndogo juu ya chuma kigumu, na pigo lililozidi ni vigumu kulirudisha. Opinel, kilichoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kina mpini wa mbao unaovimba ukilowa na kuubana ubapa. Kiache mahali pakavu penye hewa, siku moja au mbili, bila kukianika juani, na mbao zikinywea ubapa utaachia.

Ukishamaliza na cha skrubu, chora mstari mfupi kwa kalamu ya wino usiofutika, uanzie kwenye kichwa cha skrubu na kuvuka hadi kwenye mpini. Kila ukikitoa mfukoni tupia jicho pale. Mistari miwili ikiacha kukutana, skrubu imesogea.