Re: Naanzia wapi kujitolea kwenye uongozi wa DEC?

Dada, umeuliza kama mwanafunzi wa masta anaweza kuingia uongozi wa kujitolea pale DEC, ile divisheni ya CEC (chama cha wataalamu wa elimu maalumu) huku Marekani inayoshughulika na watoto wadogo wenye ulemavu. Unaweza kabisa, ila usikimbilie bodi. Anza na kamati, au omba upewe kazi ya kusoma na kutathmini abstrakti, yaani muhtasari wa mada zinazopendekezwa kwa mkutano wa mwaka, kazi ya bure lakini inakufungua macho kweli. Mimi mara ya kwanza nililetewa kama kumi hivi nikakaa nazo usiku mtoto kashalala, moja ilikuwa ya kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo na hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mama yake, nikaandika palepale, mzazi yuko wapi? Maana hata mwongozo wa DEC wa 2014 una maeneo 8, uongozi ni la kwanza na familia ina eneo lake kabisa. Na ukipewa nafasi uliza mapema ni masaa mangapi kwa mwezi, watoto wako bado wadogo na tesisi inakusubiri.