Kijana wa Nyegezi aje, ila ajue kushika kisu

Ndugu zangu wa Mwanza, mmeuliza mawili: kama ni kweli uyoga na nguruwe pori wa Ujerumani wana mionzi, na kama huyo kijana wa Nyegezi aliyeitwa kazini kwenye maabara ya kupima mionzi hiyo aje au abaki.

Ni kweli, hasa huku kusini, Bavaria. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 1986, mvua ilishusha huku sesiamu 137, chembe zenye mionzi ambazo hupungua nusu kila miaka 30. Mashambani udongo wa mfinyanzi umeikamata sesiamu hiyo. Msituni bado imo kwenye majani yaliyooza, na uyoga huifyonza. Balaa ni nguruwe pori: wakati wa baridi hufukua aina ya uyoga unaoota chini ya ardhi, na nyama yake huweza kufika maelfu ya bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi) kwa kilo. Kiangazi akishiba mahindi ya watu, kipimo hushuka. Nyama ikizidi bekereli 600 kwa kilo, haiuzwi.

Kazi yenyewe msimpambie. Ni kisu, mizani na kuosha vyombo. Uyoga husafishwa udongo wote, maana udongo nao una sesiamu yake. Hukatwakatwa vipande vidogo na kushindiliwa kwenye chombo cha lita 1 chenye shimo chini, kinachovishwa kipimio kama kofia. Ajaze mpaka kwenye mstari. Akiacha mapengo, mashine itahesabu kana kwamba chombo kimejaa, na namba itadanganya. Ndani atangulize mfuko wa plastiki, la sivyo nguruwe wa jana atahesabiwa kwenye uyoga wa leo. Kisha afunge mfuniko wa madini ya risasi na kusubiri, mara nyingi nusu saa. Kuchosha kunachosha.

Kipimio cha fuwele huyumba joto la chumba likibadilika, hivyo kila asubuhi huhakikiwa kwamba kilele cha sesiamu, yaani pale alama yake inapopanda kwenye grafu, kipo kwenye kiloelektrovolti 662 (kipimo cha nishati ya mionzi). Jirani yake, kwenye 609, ni bismuthi inayotokana na radoni, gesi ya ardhini. Chumba kisipopitisha hewa, vilele hivyo huegemeana na sampuli safi ikaonekana chafu.

Ugomvi na wateja huletwa na uyoga mkavu. Nyie wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba mnajua dagaa wakianikwa uzito hushuka, kilichomo kikabaki. Kilo 1 ya uyoga mkavu hutokana na karibu kilo 10 mbichi, kwa hiyo bekereli 2,000 za mkavu ni kama 200 za mbichi. Asipoandika "mkavu" kwenye fomu, kazi nzima ni bure.

Na vile vidude vya mkononi vya bei rahisi msimnunulie. Ukikiweka kimoja juu ya nyama ya bekereli 600, kitasoma mionzi ya kawaida ya mazingira tu.

Kuugua? Gramu 200 za uyoga wenye bekereli 1,000 kwa kilo humpa mtu mzima milisivati 0.0026 hivi (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Hata milisivati 1 inataka ameze bekereli 80,000, na kazi ya mpimaji si kula sampuli. Ukichemsha uyoga na kumwaga maji, sehemu ya sesiamu huondoka, na ladha pia.

Kabla ya kukata tiketi, aende kwa wapimaji wa Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, wanaokagua mionzi kwenye vyakula vya kusafirisha nje. Aombe kuona wanavyoandaa sampuli. Akisinzia hapo, abaki Nyegezi.