Filamu za kutisha za zamani: fuata kamera kwanza

Ukipewa kazi ya kuandika juu ya riwaya iliyogeuzwa filamu, utashawishika kuweka kitabu huku na filamu kule, kisha uhesabu kilichokatwa na kilichoongezwa. Kazi hiyo inachosha na haikufikishi mbali, hasa kwa filamu za kutisha za miaka ya 1920 na 1930, ambazo waongozaji wake walivichukua vitabu watakavyo. Jiulize kwanza: kitabu kinatisha kwa njia gani, na kamera imefanya nini badala yake?

Chukua Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya Rouben Mamoulian, 1931. Katika kitabu cha Robert Louis Stevenson cha 1886 tunamfuata wakili Utterson, na hatuambiwi kwamba daktari Jekyll na yule mwovu Hyde ni mtu mmoja mpaka karibu na mwisho. Lakini siri hiyo ilishavuja kitambo. Hadithi ilikuwa jukwaani tangu 1887. Mamoulian hakuhangaika kuificha. Tangu mwanzo anakutia machoni mwa Jekyll mwenyewe: mikono inapiga kinanda, kivuli cha kichwa kinaangukia karatasi za muziki, mtumishi anakujia na kusema nawe. Uso unauona kwanza kwenye kioo, anapojiandaa kutoka. Tazama sehemu hiyo mara ya pili bila sauti, uandike kila kamera inaposogea.

Baadaye Jekyll anakunywa dawa mbele ya kioo, na uso unaanza kuota mistari myeusi pasipo picha kukatwa. Mpigapicha Karl Struss alitumia ujanja mwepesi: vipodozi vya rangi na filta (vichujio vya mwanga) za rangi mbele ya lenzi. Kwa filamu isiyo na rangi, wekundu hupotea ukiutazama kupitia filta nyekundu, na huwa mweusi kupitia ya kijani. Ukibadilisha filta taratibu, sura inageuka. Kwa hiyo usikimbilie kuandika kwamba filamu “imepotosha kitabu”. Hofu ya kutojua imeachwa, ikaja hofu ya kuwa ndani ya mtu anayegeuka. (Wanawake wawili wa filamu, Muriel na Ivy, hawamo kitabuni, taja hilo kwa sentensi moja uendelee.)

Vampyr ya Carl Dreyer, 1932, iko huru zaidi. Inadai kutoka katika mkusanyiko wa hadithi za mwandishi Sheridan Le Fanu wa 1872, ila ukitafuta hadithi yake utaambulia vipande tu. Kimoja ni mtu aliye jenezani akiwa hai. Dreyer anailaza kamera humo: kupitia kidirisha cha kioo unaona kifuniko kikikazwa skrubu, mshumaa ukiwekwa juu yake, kisha matawi ya miti yakipita angani. Kwangu hakuna ukurasa wa Le Fanu unaobana kifua hivyo.

Na mara nyingine jina la mwandishi ni la kuuzia tiketi tu. The Black Cat ya Edgar Ulmer, 1934, haina karibu chochote cha hadithi ya Edgar Allan Poe yenye jina hilo zaidi ya paka. Huko acha kulinganisha, andika juu ya nyumba na mwanga.

Kabla ya kuanza, kagua nakala yako. Ile ya Mamoulian ilikatwa ilipotolewa upya miaka ya 1930. Nakala kamili ina dakika kama 98. Ikipungua sana, tafuta nyingine.