Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) ni siku ngapi za mapumziko Korea Kusini?

Ni siku 3 mkuu, sio 1 kama wengine wanavyodhani. Mkesha, Seollal yenyewe na siku inayofuata. Hiyo moja ilikuwa zamani, 1985 serikali iliifanya mapumziko ya siku moja tena kwa jina lingine, ndo 1989 ikarudishiwa jina lake na siku zikawa 3. Na zikigongana na Jumapili wanafidiwa, mfano 2024 ilikuwa Ijumaa tarehe 9 hadi Jumapili 11 Februari, basi Jumatatu 12 nayo watu wakalala.

Mi najua maana mdogo wangu anasoma Seoul, anasema tiketi za treni kipindi hicho ni vita, kila mtu anaenda kwao, asubuhi wanawakumbuka mababu kwa chakula mezani, wanakunywa tteokguk (supu ya vipande vya mchele uliopondwa), halafu watoto wanawasujudia wazee wanapewa hela, hapo ndo patamu 😂

Ila tarehe inafuata kalenda ya mwezi wa angani so inahama, 2025 ilikuwa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari. Usikate tiketi kwa kukariri.